Kanuni za mikokoni tuliziandika mara mbili

"Hii karatasi mliiandika lini mwanangu, na mimi nilikuwa wapi?"

Khalati aliniuliza hivo akiwa amesimama kwenye tope mpaka vifundoni, leso ameikaza kiunoni, mzigo wake wa kuni uko chini mbele ya vijana wetu wawili wa doria, na mie ndie nilokuwa nimepigiwa simu nije niamue kwa sababu kanuni za kikundi chetu cha kulinda mikoko nilizipiga taipu mie. Si khalati wa damu, ni rafikiye mamangu tangu wakiwa wasichana, lakini huku kwetu hilo halina maana yoyote, amenibeba mgongoni huyu. Anakaanga samaki na kuuza jioni, ni mama karanga, na kuni zenyewe zilikuwa matawi makavu ya mkandaa yaliyoanguka yenyewe, hata panga hakuwa nalo. Faini tulokuwa tumeandika ni shilingi 5,000. Sikuwa na jibu la kumpa, nikamwambia aende na kuni zake tutazungumza, na vijana wakanikasirikia, wakaniuliza sasa sisi tunalinda nini.

Nimekuwa nikilifikiria swali lake tangu siku ile, na haya ninayoandika hapa karibu yote yametoka kwenye swali hilo.

Nimekulia kando ya kriki ya Tudor, upande wa Mikindani. Kwa asojua, Mombasa si ile bichi ya picha peke yake, nyuma ya kisiwa kuna mikono ya bahari inaingia bara na pembeni yake yote ni mikoko, yaani ilikuwa yote ni mikoko. Nyanyangu alikuwa akiitaja miti ile mmoja mmoja kama anavotaja wajukuu. Mlilana unasimama mbele kabisa unapigwa na mawimbi, nyuma yake mkoko wenyewe ule wa mizizi kama miguu ya kaa, kisha muia na mkandaa, na mchu unaoukuta huku nyuma kwenye chumvi nyingi ambako miti mingine haiwezi. Sisi tukajua tu kwamba huko ndiko kunakotoka fito na boriti za nyumba, kaa, kamba, na kuni zenye moto mkali. Halafu ikaja ile mvua ya El Niño ya 1997 na 1998, matope yakashuka kutoka bara yakafunika mizizi inayopumulia, sehemu nyingi za kriki zetu miti ikafa imesimama, kule Mwache ndiko kulikoumia sana. Na watu nao wakaongezeka, na kila mtu anapika.

Kwa hivo tulipounda kikundi chetu cha kupanda nia ilikuwa safi kabisa. Tukasajiliwa, tukaweka kitalu, tukapanda. Kisha mgeni mmoja akatwambia hamuwezi kuwa na eneo la hifadhi bila kanuni, andikeni kanuni, na kwa kuwa mie nilikuwa na laptop nikaambiwa niandike. Nikatafuta karatasi ya kikundi kingine cha mbali huko, nikabadilisha majina. Kanuni 14. Marufuku kukata, marufuku kuokota, marufuku kuingia bila ruhusa ya komiti, marufuku kila kitu. Tukaitisha mkutano Jumamosi saa tisa mchana, wakaja watu ishirini hivi, wengi wanaume, tukasoma, tukapiga makofi, tukatia saini, tukasimamisha bango.

Saa tisa mchana Jumamosi kina mama karanga wako wapi? Wako diko, pale mashua za uvuvi zinaposhukia, wanagombania samaki. Wachimba kaa wako wapi? Siku ile maji yalikuwa yanakupwa, wako kwenye mashimo. Yaani kila mtu ambae kanuni ile ingemgusa alikuwa kazini saa ile ile tulipokuwa tunapiga makofi, na hilo sikuliona mpaka khalati aliponiuliza.

Na yalofuata yalikuwa mabaya zaidi kuliko aibu yangu. Kina mama walikuwa ndio wanaomwagilia na kung'oa magugu kwenye kitalu, wakaacha kuja. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyesema neno, waliacha tu, miche karibu nusu ikakauka. Na wakati huo huo ndani kabisa ya mikoko kulikuwa na mitambo ya chang'aa, mapipa yanachemshwa usiku kwa kuni za mkoko mbichi, hao doria yetu haikuwahi kuwasogelea kwa sababu vijana waliogopa, na nawaelewa. Kwa hivo kanuni 14 zikamshika mwanamke mmoja na kichwa cha kuni kavu.

Baada ya hapo nikaona bora niende nikaangalie wenzetu walifanyaje, kwa nauli yangu, siku za mapumziko.

Nikaanza Kinondo kwa sababu ni karibu, ukivuka feri Likoni ukashika matatu ya Ukunda ushafika nusu ya safari. Kaya Kinondo ni msitu mdogo mtakatifu wa Wadigo, kama hekta 30 hivi, umebanwa na mahoteli ya Diani, na bado umesimama. Ni moja ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2008. Hapo huingii ulivyo, unafungwa kaniki kiunoni, na unaambiwa hutoki na kitu, si jani, si kijiti, si jiwe. Sikuona bango la faini mahali. Nikamuuliza mzee aliyetuongoza, je mtu akikata? Akasema akikata atalipa kwa wazee, kuku au mbuzi, na itachinjwa, kwa sababu alichokiudhi si komiti. Nilikaa na hilo neno njia nzima. Mimi ni Muislamu na yako mambo ya kaya ambayo si yangu, nayaheshimu na kuyaacha pale pale, lakini nilichokiona ni kwamba kule mtoto wa miaka saba anaijua kanuni na anaijua sababu yake, hakufundishwa na karatasi, amefundishwa na babuye siku anapita pale. Ile yetu hata wanakomiti wenyewe ukiwauliza kanuni ya sita inasemaje hawakumbuki.

Kinondo lakini huwezi kuikopi. Sisi Mikindani ni watu wa kila mahali, kuna Wamijikenda, kuna Wakamba, Wataita, Waluo, kuna wapangaji walokuja mwaka jana, hatuna babu mmoja. Ndio nikaenda Gazi, mbele zaidi barabara hiyo hiyo ya kusini, kwenye Mikoko Pamoja. Watu wengi wanaijua kwa habari ya kuuza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa ile kaboni ambayo mikoko inaivuta na kuihifadhi, walianza 2013, hekta 117 za mikoko kwenye ghuba ya Gazi, vijiji viwili vya Gazi na Makongeni, na pesa inayoingia inarudi kwenye maji na shule na wanaamua barazani iende wapi. Sawa, hilo ni kubwa na wamepata hata tuzo ya Equator ya 2017. Lakini mie kilichonishika ni kitu ambacho hakitajwi sana, ile mivinje. Wamepanda mivinje nchi kavu ili mtu anayetaka mti wa kujengea au kuni awe na pa kukata. Yaani walipomwambia mtu usikate hapa walikuwa wamejiuliza kwanza atakata wapi. Halafu kuna kina mama wa Gazi wenye ile njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, wageni wanatembezwa na wanapikiwa chakula, kwa hivo mwanamke wa pale mti uliosimama una faida kwake leo, si kesho kutwa.

Kuruwitu nilienda mwisho, upande wa pili, barabara ya Kilifi. Hawa ni wa baharini si wa mikoko. Mwaka 2005 wavuvi wenyewe walitenga kipande cha bahari kama hekta 30 wakasema hapa havuliwi, na wakakiita tengefu, na hilo neno sasa limeenea pwani nzima. Wazee wa kule wanakumbuka bahari ilivokuwa na ilivokwisha, matumbawe yalikufa kwa joto 1998, nyavu za kukokota zinafagia kila kitu, juya lilipigwa marufuku Kenya 2001 na bado watu wakaendelea kulitumia. Mvuvi mmoja mtu mzima alinieleza kwa utaratibu sana kwamba mwanzo waligombana, wengine walisema mnatufungia sahani, na walokubali walikubali kwa sababu eneo ni dogo na wanaliona kutoka ufukweni, na kwa sababu walowaambia ni wavuvi wenzao ambao nao walikuwa wanapoteza. Alisema hivi, na nimeliandika kwenye simu pale pale: "Mimi nikifunga, nafunga na langu."

Nikamkumbuka ami yangu. Ami alikuwa akitega madema, ile mitego ya samaki ya kusukwa, huko Bamburi, na paki ya bahari ya Mombasa ilianzishwa 1986, kilomita za mraba 10 ndani havuliwi kabisa, na nje yake hifadhi kubwa ya kilomita za mraba 200 ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Ami hakuwahi kulisamehe jambo hilo. Wataalamu walikuja baadae wakapima wakaona madema ya mpakani yanapata zaidi, samaki wanatoka ndani wanamwagika nje, tafi hasa, na ami mwenyewe alijua, alikuwa anatega pale pale mpakani! Lakini ukimtajia paki mpaka anakufa alisema "waliamka wakachora mstari juu ya mahali pangu." Hifadhi ilimnufaisha na bado iliacha kidonda, kwa sababu ya namna ilivokuja tu. Na wavuvi walipolalamika ndio ukaja mvutano wa miaka.

Hapa niseme kidogo kuhusu ardhi, manake huwezi kuzungumza kanuni bila kuuliza za mahali pa nani. Jirani zetu Tanzania, ukivuka Lungalunga tu, ardhi ya kijiji ni neno la sheria. Wana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kijiji kina halmashauri yake na mkutano mkuu wa watu wazima wote, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake kikaulinda chenyewe, kikatunga sheria ndogo zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Si kwamba kule hakuna shida, lakini mwanakijiji anaposimama mkutanoni anasema "msitu wetu" na sheria iko nyuma yake. Sisi Mombasa tukisema ardhi ya kijiji tunasema kwa mazoea. Ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwapita watu wengi wa mwambao, ambae hakudai na kuandikishwa akajikuta maskwota kwenye kiwanja cha babuye, na mpaka leo kuna mitaa mizima haina hati. Na mikoko yenyewe, 1932 serikali ya mkoloni ilitangaza mikoko yote ya pwani kuwa msitu wa serikali, na ndio maana hata Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 haikutufikishia, mikoko ni msitu wa umma, iko mkononi mwa shirika la misitu la taifa.

Kwa hivo ukimwambia mtu wa Mikindani "tulinde mikoko yetu" anakutizama. Yetu tangu lini? Nyumba si yetu, kiwanja si chetu, mikoko ndio iwe yetu siku ya kuilinda?

Mlango tulionao ni chama cha jamii cha misitu. Ulifunguliwa na sheria ya misitu ya 2005 na ile ya 2016 ikauendeleza, jamii inajisajili, inaandika mpango na shirika, inatia saini makubaliano. Nilipokaa nikaisoma ile sheria ya 2016 kwa utulivu, si kwa haraka kama mwanzo, nikakuta kwenye haki ambazo jamii inaweza kupewa kwa makubaliano zimetajwa asali, dawa za miti, majani, utalii, na kuni. Kuni zimo! Kanuni zangu zilikuwa kali kuliko sheria ya nchi. Nilikuwa nimemnyima khalati kitu ambacho bunge lilimwachia mlango wazi akiombe. Wallahi siku ile nilifunga laptop nikatoka nje nikatembea mpaka maghrib.

Nilienda nikamuomba radhi nyumbani kwake, na mamangu akiwepo. Akanipa chai na mahamri akasema basi yamepita, lakini mkiandika tena nije.

Tulipoandika tena hatukuitisha mkutano mmoja. Tulikaa mara tano. Kina mama karanga tuliwafuata usiku baada ya biashara, wachimba kaa wakati maji yamejaa hawana kazi, vijana wa kamba siku za maji mafu ambapo bahari haijai wala haikupwi sana, wazee baada ya swala, na mwisho watu wote pamoja chini ya mkungu pale diko, na tukaandika kwenye daftari la mia kwa mkono, kwa Kiswahili, kila kanuni ikisomwa mara mbili kwa sauti. Chifu alikuja kusikiliza na afisa wa misitu pia tukamuomba aje, manake chochote tutakachokubaliana lazima kiingie kwenye mpango na makubaliano ya shirika, la sivyo ni maneno yetu tu.

Jambo la kuni peke yake lilichukua usiku mbili. Kulikuwa na waliotaka zifungwe kabisa, na kulikuwa na waliosema tukifunga tutaokota usiku, bora mtuone mchana. Yakatoka makubaliano: kuni kavu zilizoanguka, siku mbili kwa wiki, bila panga bila shoka, mzigo wa kichwani mmoja kwa nyumba. Mti mbichi hapana. Na mti uliokufa umesimama pia hapana, hilo alilisema mchimba kaa, kwamba mizizi yake ndio inashika tope lisiende. Mie nisingelijua. Na kwa kuwa kuni hizo hazitoshi na sisi hatuna shamba la kupanda mivinje kama Gazi, khalati na wenzake wawili walikwenda kwa maseremala wa barabarani wakapatana nao vipande vya mbao viwe vinawekwa kando kwa ajili ya kina mama karanga. Si vingi lakini vinakuja kila wiki.

Kisha tengefu letu. Ni dogo sana, kutoka mlilana mkubwa mpaka mdomo wa mkondo mdogo ambako kamba wachanga wanakaa, hapo haingii mtu mwaka mzima, mwaka ukiisha mkutano unakaa unaamua. Kaa jike mwenye mayai anarudishwa, na kaa mdogo kuliko kiganja anarudishwa. Doria wanakuwa watatu, mmoja lazima awe mwanamke.

Faini ya pesa tuliiondoa. Kwanza hatuna mamlaka ya mahakama ya kutoza watu pesa, hilo afisa alitueleza vizuri, na pili pesa zile za mwanzo watu walikuwa wanaulizana zitaenda mfukoni mwa nani. Sasa mtu akikosea anapewa miche 20 aipande na aitunze mpaka ishike, na akirudia mara ya tatu jina linapelekwa kwa shirika. Na kupanda nako tumebadilisha. Zamani tulikuwa tunapanda mkoko tu kila mahali kwa kuwa mbegu zake ni rahisi, unachomeka tu, tukawa tunazichomeka mpaka mbele kule kwenye mawimbi na zote zinakufa. Mzee mmoja akasema pale si pake, pale ni pa mlilana. Jambo ambalo nyanyangu alikuwa akilisema nikiwa na miaka sita.

Mitambo ya chang'aa? Sitawadanganya, haijaisha yote. Kina mama walikwenda wenyewe, kundi, mchana, kwa mwenye mtambo mmoja ambae mamake wanamjua, wakakaa pale mpaka akakubali kuhama. Yule mwingine bado yupo na suala lake liko kwa wenye mamlaka. Lakini miche inaota, kina mama wamerudi kwenye kitalu, na mwezi uliopita khalati ndie alokuwa zamu ya doria, akamkuta kijana anakata mchu, kijana akaanza ukali, akamwambia "wewe ulikuwepo tukiandika, ulikaa pale karibu na mashua, nilikuona." Kijana akaweka panga chini.

Kimebaki kitu kimoja kinachoniuma. Juu ya kipande chetu kuna bomba. Linatoka kwenye majengo huko juu na linamwaga maji taka moja kwa moja kwenye mkondo, siku za mvua harufu inafika mpaka barabarani, na kriki ya Tudor nzima ina hadithi hizo. Tunamwambia mama ahesabu siku za kuokota kuni, tunamwambia mtoto arudishe kaa mdogo, na wanatii, halafu wanasimama pale wanalitizama lile bomba. Mkutanoni mchimba kaa mmoja aliuliza, na lile tuliandikie kanuni gani? Kukawa kimya. Kanuni ya kijiji inamfikia aliyekaa mkutanoni, na mwenye bomba hajawahi kuja.

Hatukutaka kuandika uongo, kwa hivo kanuni ya tisa kwenye daftari ni mistari mitupu, tumeandika namba tu. Barua tumepeleka mbili, zimepigwa mhuri wa kupokelewa, nakala zimegundishwa ukurasa ule ule. Ya tatu inaenda Jumatatu, na mara hii imetiwa saini na watu 63, wengine kwa dole gumba, na khalati amesema ataipeleka yeye.